Kipimo cha Mzee Msumeno

Mwalimu mkuu wa chekechea hakutaka kukaa. Alisimama mlangoni, mkoba kwapani, huku mwenye mkokoteni akishusha mazulia matatu yaliyokunjwa na kuyaegemeza ukutani. Salamu zilikuwa hazijaisha alipomwomba Mama Zulia anuse mwenyewe. Mama Zulia akainama akanusa. Alinusa sabuni, alinusa jua, na chini ya sabuni na jua akakuta kitu kingine ambacho pua yake ilikuwa imekizoea kiasi cha kutokihesabu tena kuwa ni harufu.

"Yananuka pikipiki," mwalimu alisema. "Si maneno yangu. Ni maneno ya mtoto wa miaka minne."

Mama Zulia akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kushika. Mwalimu hakucheka. Alieleza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma, kwamba watoto hulala juu ya mazulia yale kila mchana, mashavu yakiwa chini, na kwamba tayari wazazi wamekuja kuuliza shule inaoshea wapi vitu vyake. Usafi hakuulalamikia. Madoa yote yalikuwa yametoka, hata la uji lililowashinda waoshaji wengine. Lakini mazulia yale yangeoshwa tena bure, na yakirudi tena na moshi ndani yake, angepeleka kazi kwingine. Aliaga, akageuka, kisha kama aliyekumbuka kuwa yeye ni mwalimu akamwambia asivunjike moyo.

Mama Zulia akabaki na mazulia matatu na ule moyo wake asiotakiwa kuuvunja.

Kazi ya kuosha mazulia ndiyo iliyoishikilia nyumba ile. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Vigae, alikuwa fundi wa sakafu, na kazi ya sakafu huja kama mgeni: hujui lini, na ikija haikai. Mazulia yalikuja kila wiki. Na chekechea ndiyo iliyokuwa mteja wa uhakika, asiyebishana na asiyechelewa. Aliyeuona uso wa Mama Zulia asubuhi ile angejua kwamba hakuwa akiyafikiria mazulia matatu. Alikuwa akiifikiria mashine iliyokuwa uani.

Mashine yenyewe haikuwa kubwa. Injini ndogo ya petroli imefungwa juu ya fremu yenye magurudumu, pembeni yake pampu inayosukuma maji kwa nguvu mpaka yanachapa zulia kama fimbo. Ukivuta kamba inakohoa, ukivuta tena inawaka, na ikiwaka uwanja wote unajaa moshi wa rangi ya buluu unaopanda taratibu, unafika dirishani kwa jirani, unaingia bila hodi.

Haikuwa hivyo iliponunuliwa. Siku zile ilinguruma safi, na moshi wake ulikuwa hauonekani. Ilianza kubadilika baada ya baba yake Vigae kuja kukaa nao.

*

Mzee Msumeno aliitwa hivyo kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyamaliza msituni na msumeno wa mnyororo mkononi. Mti uliowashinda wengine aliitiwa yeye. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea, msitu ulikuwa umefungwa, na yeye alikuwa kwenye kochi la mwanawe akiangalia mikono yake. Siku alipoiona injini uani alisimama bila kujishika popote. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwomba wala kumkataza: injini ikawa yake.

Kila asubuhi, nyumba ikiwa bado inajinyoosha, aliifuta kwa kitambaa kama mtu anayemfuta mtoto pua. Kisha alichukua dumu la petroli, akafungua chupa ya oili aliyoiweka nyuma ya pipa la maji, akajaza kifuniko mara moja kwa kila lita, akamimina, akalitikisa dumu kwa mikono miwili mpaka mchanganyiko ukakubaliana. Ndivyo msumeno unavyolishwa. Msumeno wa mnyororo hauna mahali pa kuweka oili. Oili yake huingia pamoja na petroli, na ukiunyima, chuma kinakula chuma. Msituni aliwahi kumwona mwenzake akitia petroli kavu kwa haraka za kumaliza kazi, na msumeno mpya ukajikaba koo mbele yao, ukafa. Mwenzake alilia siku ile. Mzee Msumeno aliapa kwamba hakuna injini itakayokufa mikononi mwake kwa kiu.

Hakuficha. Hakuna aliyeuliza, naye hakuona la kueleza, kama vile mpishi asivyotangaza kuwa ametia chumvi. Oili aliinunua mwenyewe, kwa kile kidogo ambacho binti yake alimtumia cha tumbaku. Tumbaku aliiacha. Watu wa nyumbani walidhani ameacha kwa ajili ya kifua chake, wakampongeza.

Ila injini hii haikuwa msumeno. Hii ilikuwa na tumbo lake la oili huku chini, na petroli ilitakiwa iingie tupu. Kifuniko kile cha mapenzi, kila asubuhi, ndicho kilichokuwa kikitoka kwenye ekzosi na kuingia kwenye mazulia ya watoto.

*

Jirani wa ukuta mmoja, mama wa mapacha, alikuwa amesema kwa mafumbo, akasema kwa utani, akasema kwa kufunga dirisha kwa kishindo. Mmoja wa mapacha wake alikuwa na kifua kinachobana. Wiki ile ile ya mazulia ya chekechea, mtoto alishinda amekalishwa kitandani akivuta hewa kwa mabega, na mama yake akaacha mafumbo akaenda kwa bwana afya.

Bwana afya alikuja na kitambaa cheupe. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu nyingi na maneno machache, na hakutaka kuelezwa chochote kabla ya mashine kuwashwa. Vigae akavuta kamba mara nne kabla haijakubali, akitabasamu kwa aibu kila inapokataa, kama mtu ambaye mtoto wake amegoma kusalimia wageni. Ilipowaka, bwana afya akachuchumaa, akashika kitambaa mbele ya bomba la ekzosi, akahesabu kimoyomoyo, kisha akakitandaza hewani ili wote waone. Katikati kulikuwa na doa jeusi, na kulizunguka doa kulikuwa na utando wa mafuta uliokuwa ukienea wenyewe kwenye uzi.

Mama wa mapacha alilitazama doa, kisha akamtazama Mama Zulia. 

Bwana afya aliwaambia kwamba hana ugomvi na kazi yao, lakini mashine ile isingeweza kupumulia madirishani mwa watu kwa hali ile. Angerudi Ijumaa. Kitambaa kikitoka safi, waendelee. Kikitoka kama kile, mashine ingeondoka naye. Akauliza petroli wanainunua wapi, Mama Zulia akasema kwa Mama Chupa pale barabarani, kwenye meza. Bwana afya akatikisa kichwa polepole na kusema kuwa wauzaji wa chupa wengine huchanganya na mafuta ya taa ili ijae haraka. Alisema wengine. Mama Zulia alisikia Mama Chupa.

Mzee Msumeno, kwenye kigoda chake, alikunja uso. Petroli mbaya anaijua, alisema, na hii si mbaya. Mwanawe akamwambia baba, tuachie sisi hili. Mzee akaegemea ukuta.

*

Mama Chupa alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyekaa chini ya mwavuli uliochanika na kupanga chupa zake mezani kwa urefu, kama watoto wa shule mstarini. Wateja wake wengi walikuwa vijana wa pikipiki waliopumzika ng'ambo ya barabara. Alimwona Mama Zulia akija akaanza kumtania kutoka mbali, kwamba leo mwenye povu amekuja bila povu. Hakujua kwamba povu lilikuwa njiani.

Mama Zulia alisimama katikati ya barabara, hakusogea mezani. Alikuwa amejikaza kwa siku kadhaa, mbele ya mwalimu, mbele ya jirani, mbele ya kitambaa, na sasa aliyekuwa mbele yake ni mtu ambaye hakuhitaji kumwogopa. Alisema yote. Kwamba mafuta ya taa ni ya taa. Kwamba kuna mtoto hapumui. Kwamba kuna watu wanajenga nyumba zao kwa kubomoa za wenzao. Alisema kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakujua anayo, na kila alipotaka kuishusha ilipanda.

Vijana wa pikipiki waliacha kuongea. Mmoja alifungua kifuniko cha tangi lake akachungulia ndani.

Mama Chupa alingoja amalize. Kisha akachukua chupa moja, akamimina kidogo kwenye kiganja chake, akanyoosha mkono. Kiganja kililoa, kikang'aa, kikaanza kukauka mbele ya macho.

"Njoo ushike," alisema. "Petroli inaondoka na upepo. Mafuta ya taa yanabaki yanateleza. Mimi siongei, kinaongea kiganja. Njoo ushike, mama."

Ingekuwa hatua chache tu. Lakini mtu akishapiga kelele mbele za watu, hatua chache zinakuwa safari. Mama Zulia aliutazama ule mkono ulionyooshwa, akaupa kisogo, akaenda zake. Nyuma yake alimsikia kijana mmoja akiuliza mwenzake kama kituo kikubwa cha mafuta bado kiko wazi.

*

Petroli ya kituo kikubwa ilipofika nyumbani, Vigae alilibeba dumu kama aliyebeba dawa. Asubuhi iliyofuata injini iliwashwa, na moshi ukapanda wa buluu vile vile, bila haya.

Hapo ndipo walipomwita fundi waliyemzoea kwa jina la Dokta, kwa kuwa hakugusa injini kabla ya kuisikiliza, kichwa kimeinama, kama anayesubiri ikohoe. Mzee Msumeno alikuwa amelala mchana ule, dawa za magoti zikiwa zimemlemea. Dokta alichomoa plagi, akaigeuza mwangani. Ilikuwa nyeusi na imeloa. Akafungua kasha la chujio la hewa. Sponji iliyokuwa ndani ilikuwa imenenepa kwa mafuta na vumbi. Akauliza nani huiacha choki, kile kikingo cha hewa, imevutwa nusu. Vigae akasema bila hivyo haiwaki. Dokta akasema ni kweli, mtu mwenye mafua hupumulia mdomo, lakini ndiyo sababu inakula petroli nyingi na kutapika nusu yake.

Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili cha chini, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. 

"Oili yake iko palepale," alisema. "Haipungui. Basi huu moshi wa oili inaupata wapi?"

Akafungua tangi, akachovya kidole, akakisugua na gumba. Akampa Mama Zulia naye achovye. Mama Zulia akasugua vidole vyake. Petroli iliondoka. Kilichobaki kiliteleza.

"Kwa hiyo hata kituoni wanachanganya mafuta ya taa?" Vigae aliuliza haraka.

"Hii si mafuta ya taa, kaka. Hii ni oili. Nzuri kabisa, ya bei. Mmenunua petroli kituoni, mkaja nayo hapa, na hapa hapa mtu akaitia oili." Dokta alijifuta mikono. "Huyo mtu anaipenda mashine yenu kuliko ninyi. Tatizo anailisha chakula cha mashine nyingine."

 Mama Zulia alikuwa anaangalia pipa la maji. Alilizunguka, akainama, akarudi na chupa mkononi, kifuniko chake kimechakaa kwa kufunguliwa na kufungwa. Akaiweka chini, katikati yao, taratibu, kama kitu kinachoweza kulia.

Dokta alikuwa mtu mzima. Akaanza kuongelea mambo mengine. Aliwaambia atamwaga tangi lote, ataosha kabureta, ataweka plagi mpya, ataosha sponji kwa sabuni na kuikausha vizuri. Akashauri ekzosi iongezewe bomba lipande juu ya ukuta. Petroli inunuliwe ya kutosha wiki moja tu, isikae dumuni mpaka ikaharibika. Na iingie tupu. Neno hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo, akielekeza macho mlango wa chumba cha mzee.

*

Usiku haukuwa umeingia bado, lakini mume na mke walijifungia chumbani kama wezi. Vigae aliongea kwanza. Baba yake asiambiwe. Mtu aliyekuwa anaitwa kutoka misitu mingine kuja kuangusha miti, leo aambiwe na mkwe kwamba anaharibu mashine ya kuoshea mazulia? Kile kigoda na kile kitambaa ndivyo vilivyomnyanyua kwenye kochi. Ukivichukua, unamrudisha alikotoka.

Mama Zulia hakupinga hilo. Alimpenda mzee yule. Ndiye aliyemwita mwanangu siku ya kwanza, kabla mama mkwe hajakubali kumwita kwa jina lolote. Alichouliza kilikuwa kingine.

"Na Mama Chupa?"

"Mama Chupa nini?"

"Nimemvua nguo barabarani."

"Atavaa nyingine. Maneno ya barabarani husahaulika."

"Nimepita leo," mkewe alisema. "Chupa zimejaa mezani. Vijana wote wanakwenda kituoni. Alikuwa amekaa anajipepea na kipande cha boksi."

Vigae akavuta pumzi. Akasema mambo yaende moja moja. Ijumaa ipite kwanza. Bwana afya akiona kitambaa safi, mashine ikabaki, chekechea ikarudi, hapo watatafuta njia ya kuzungumza na Mama Chupa, kimya kimya, kwa heshima. Alisema heshima mara mbili. Mama Zulia alitaka kuamini kwamba kuna siku ya kufaa ya kuomba radhi, inayokuja yenyewe kama siku ya soko. Akakubali.

Dumu likahamia chini ya kitanda chao. Mzee akaambiwa kwamba fundi ameitengeneza mashine na amekataza tangi lisifunguliwe na mtu yeyote, hata mwenye nyumba, mpaka Ijumaa ipite. Alisikiliza. Aliuliza kama fundi amesema hivyo kweli, Vigae akasema kweli. Mzee akaitikia kwa kichwa. Asubuhi aliifuta mashine kama kawaida, lakini alimaliza mapema, na baada ya hapo alikaa na kitambaa mapajani bila kujua akipeleke wapi. Akamuuliza mkwe wake kama wana hakika injini haina kiu. Mama Zulia akamwambia haina, baba, na akaingia ndani kabla uso wake haujamsaliti.

*

Ijumaa bwana afya alikuja na kitambaa kipya. Mama wa mapacha alitoka na mtoto mgongoni. Watu wengine wawili watatu walipita, wakaona kuna jambo, wakaegemea ukuta.

Vigae alivuta kamba mara moja. Injini ikashika, ikanguruma laini, sauti moja, haina kikohozi. Bwana afya akapanda kwenye tofali kulifikia bomba jipya, akashika kitambaa. Akahesabu kimoyomoyo. Akashuka, akakitandaza. Kulikuwa na unyevu kidogo, basi. Hata mama wa mapacha alisogea kuangalia, akakigusa kwa kidole, akatazama kidole chake. Akasema kama itaendelea hivi yeye hana neno.

Mama Zulia alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Vigae alikuwa anacheka na kila mtu. Bwana afya akakunja kitambaa, akauliza, kama mtu anayetaka kujifunza tu, kilichobadilika ni nini.

Lilikuwa swali jepesi. Vigae angeweza kusema plagi. Angeweza kusema chujio. Lakini mtu aliyeficha kitu huogopa maswali mepesi, akakimbilia mlango uliokuwa tayari wazi.

"Petroli, mkuu. Tumemhama yule mama wa chupa."

Bwana afya akatikisa kichwa. Akasema alihisi hivyo. Akasema basi akitoka hapa atapitia kwenye hiyo meza, maana hawezi kujua jambo kama hilo akaliacha, watu wengine nao wana watoto. Na Mama Zulia, aliyekuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, alifungua mdomo, akamwona mumewe akimtazama, akaufunga.

"Petroli ya yule mama haina kosa."

Wote waligeuka. Mzee Msumeno alikuwa amenyanyuka kwenye kigoda, mkono mmoja ukutani.

"Usimwonee bure," alimwambia bwana afya. "Mimi ndiye niliyekuwa naishughulikia hiyo petroli kila asubuhi ya Mungu. Naifungua mwenyewe, naitia oili mwenyewe, kifuniko kimoja kwa lita, bila kuzidisha bila kupunguza. Ingekuwa na mafuta ya taa ningeijua siku ya kwanza. Miaka yangu yote nimechanganya petroli na oili. Petroli ya yule mama ni safi."

Alisema kwa fahari, kifua mbele, kama shahidi anayejua thamani ya neno lake. Alipomaliza alingoja mtu amuunge mkono.

 Bwana afya aliangalia viatu vyake. Mama wa mapacha alimpandisha mtoto mgongoni ingawa hakuwa ameshuka. Mmoja wa walioegemea ukuta alitoa sauti ndogo puani, mwenzake akampiga kiwiko. Mzee alimtazama mwanawe, akamwona ameinamisha kichwa. Akamtazama mkwe wake, akamwona analia. Kisha akaitazama injini, iliyokuwa bado inanguruma laini, safi, bila kifuniko chake hata kimoja.

Alikuwa fundi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili, wala mara moja.

"Izimeni," alisema.

Vigae akaizima. 

"Mlijua?"

"Baba, tulitaka tu..."

"Sijakuuliza wewe." Akamgeukia mkwe wake. "Mwanangu, mlijua?"

"Tulijua, baba," Mama Zulia alisema. "Tangu siku ya fundi."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya kosa. Kukosea alikujua, msituni mtu anakosea na mti unamwambia hapo hapo. Hasira ilikuwa ya zile siku alizokaa na kitambaa mapajani, akiulizia kiu ya injini, na watu wawili anaokula nao sahani moja wakimjibu kama anavyojibiwa mtoto.

"Niliwahi kukuambia uongo wowote mimi?" alimuuliza mwanawe. Vigae akasema hapana. Mzee akasema basi. Kisha akauliza yule mama wa chupa ameshaambiwa na nani. Vigae akaishika kamba ya injini. Akauliza tena, na Mama Zulia akasema hajaambiwa na mtu yeyote.

Bwana afya alisema kwa sauti ya chini kwamba mashine ni nzuri na ibaki, akaaga haraka, akaondoka kwa njia isiyopita kwenye meza ya chupa. Mzee Msumeno akaingia ndani. Alitoka amevaa viatu vyake vya kutokea na shati lililopigwa pasi, vifungo mpaka shingoni.

"Twende," alimwambia mkwe wake.

Vigae akasema baba, ngoja kwanza, jua kali, magoti yako. Hakuna aliyemsikiliza. Mzee alitembea polepole, Mama Zulia nyuma yake kidogo, akitaka kumshika mkono na kuogopa kumshika.

Mama Chupa aliwaona wakija, na safari hii hakutania. Meza ilikuwa na chupa zote, hakuna pengo hata moja mstarini. Alimpisha mzee kiti chake. Mzee akakataa kukaa. Alimsalimia, akaulizia watoto wake, kisha akamwambia kwa maneno mafupi kuwa oili aliitia yeye, kwa kutojua, na kwamba petroli yake ilikuwa safi tangu mwanzo. Mama Chupa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, wewe sina ugomvi na wewe," alisema. "Wewe hukunitukana."

Mzee akasogea pembeni. Mama Zulia akabaki peke yake mbele ya meza. Akaanza kusema kwamba amekosa, kwamba alikuwa amechanganyikiwa, kwamba alipaswa kukishika kile kiganja. Maneno yalimtoka madogo madogo, yakidondokea mezani kati ya chupa. Mama Chupa alichukua kitambaa akaanza kufuta vumbi shingo za chupa, moja baada ya nyingine.

"Sikusikii," alisema.

Mama Zulia akarudia kwa sauti zaidi.

"Sasa nimesikia. Lakini mimi nilikuwa najua tangu siku ile. Mimi huna haja ya kuniambia." Akaacha kufuta. Kwa kidevu akaonyesha ng'ambo, walipokaa vijana juu ya pikipiki zao, wakicheka jambo lao. "Waambie wale."

Mama Zulia akatazama ng'ambo. Kijana mmoja alimwona akitazama, akawagusa wenzake, na vicheko vikaisha kimoja kimoja. Mwingine aliyekuwa amewasha pikipiki yake tayari kuondoka aliizima ili asikie. Mama Zulia akapangusa viganja vyake kwenye gauni, akasogea mpaka katikati ya barabara, akavuta pumzi ya kutosha kufika upande wa pili.